Tulivyoyaandika Mawe ya Vola

Kila ninapowaambia kwamba niliwahi kulipwa mshahara kwa kukaa chini na kutazama watoto wakicheza, ninyi vijana mnacheka, na kuna mmoja aliniuliza kama nafasi bado ipo. Hata baba yangu alicheka. Alikuwa mpagazi bandarini Mahajanga, na nilipomwambia nimepata kazi aliweka kikombe chake chini akasema, "Nchi imepata uhuru juzi tu, na tayari ina pesa za kuwalipa watu watazame watoto?" Kisha akauliza kama hawahitaji pia mtu wa kutazama wazee wakisinzia, maana hiyo angeiweza.

Ninawaandikia ninyi mnaokwenda vijijini siku hizi na simu zenu kukusanya habari za watu. Wawili kati yenu ni wajukuu zangu. Mimi niliolewa Unguja baadaye, na Kiswahili hiki nimekipata huku. Kule kwetu tulisema Kimalagasi barabarani, Kikomoro nyumbani na Kifaransa ofisini, kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyataja nimeyageuza mwenyewe. Nimejitahidi nisiyarembe. Shule niliishia darasa la nne, na kazi niliipata kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa wa haraka na ulisomeka.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Watu waliiita ofisi ya michezo. Wakubwa walikuwa wawili. Bwana Etieni, Mfaransa mrefu mwenye kikohozi cha tumbaku, alisomea akili za watoto. Bwana Ramaro, mwalimu wa hesabu kutoka nyanda za juu, alitaka kujua watoto wanahesabuje kabla hawajafundishwa na mtu. Walipendana na walibishana kutwa. Mmoja akisema mchezo ni ndoto ya mtu aliye macho, mwingine anasema hapana, mchezo ni hesabu iliyoota miguu. Sisi tuliokuwa tukiandika hakuna aliyetuuliza ni nini.

Ninaposema sisi, nasema mimi na Soa. Soa alitoka kisiwa cha Nosy Be. Kabla ya kazi hii alikuwa akichuma maua ya mlangilangi kwenye shamba la watu, na alikuwa na binti mmoja, Vola, wa miaka saba. Baba wa mtoto alipanda meli akasema anakwenda mara moja. Soa alinizidi miaka sita, nami nilimwita Zoki, ndivyo kwetu unavyomwita ndugu mkubwa. Yeye aliniita binti wa Kingazija, hasa akitaka kunitania.

Siku yangu ya kwanza nilibeba kiti. Nilikwenda nacho mpaka kwenye uwanja mmoja mtaani, nikakaa, nikafungua daftari, nikashika kalamu. Watoto waliacha kila walichokuwa wakifanya, wakajipanga mistari miwili, wakaimba wimbo wa shule. Walipomaliza wakauimba tena. Soa alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, akicheka mpaka ameshika tumbo.

"Binti wa Kingazija," aliniambia, "umekuja kuwakagua au kuwachanja?"

Alinifundisha kukaa. Yasikilizeni haya hata kama mna simu. Kaa chini, pale wanapokaa wao. Njoo na kazi ya mikono yako, iwe ukili wa kusuka au mchele wa kuchagua, ili watoto wakuone kama mama yeyote mwenye shughuli zake. Daftari liwe dogo, likae mapajani chini ya ukili. Tumia penseli, kwa sababu jasho la Mahajanga linafuta wino. Usisifu. Usicheke kabla wao hawajacheka. Andika nani ameingia mchezoni, lakini zaidi andika nani ametoka, na alitoka akifanya uso gani.

Na usigawe peremende. Hilo nililijua kwa kosa langu. Tulikwenda Belobaka, njia ya kwenda bara, kutafuta michezo ya vishimo na kete. Niliona watoto wana haya, nikatoa peremende moja kwa kila mchezo mpya. Kijana mmoja mwembamba akaleta michezo saba kabla ya chakula cha mchana, yote akasema ya babu zake. Mmoja ulikuwa na vishimo kumi na tatu na sheria kwamba mwenye mafua anaanza. Bwana Ramaro alifurahi sana. Alikaa wiki mbili akichora mahesabu yake, mpaka Soa alipomwambia kwa upole kwamba mafua alikuwa nayo yule yule kijana.

Sasa niwaambie juu ya mawe.

Kuna mchezo wa wasichana wa kwetu. Msichana anaokota mawe madogo, anayapanga chini, na kila jiwe ni mtu: huyu baba, huyu mama, huyu jirani, huyu mtoto. Jiwe moja analishika mkononi. Akitaka mtu aseme, analigonga jiwe la mtu huyo na kusema maneno yake. Wanaweza kukaa hivyo kutwa nzima, watatu au wanne, wakiishi maisha ya nyumba nzima kwa mawe. Bwana Etieni aliupenda kuliko michezo yote. Na kwa sababu wasichana hawakuwa tayari kuucheza mbele ya mwanamume, alitutegemea sisi.

Mawe hayana adabu. Yanasema yale yanayosemwa nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza, mtaani kwetu Mahajanga, mawe ya binti mmoja yalisema kwamba baba anapotoka msikitini hupitia nyumba yenye mlango wa buluu. Mimi, kwa ujinga nikidhani ni kichekesho, nikamsimulia mama yake tukiwa bombani tunachota maji. Siku ile sufuria zilitoka nje zikiruka. Mlango wa buluu ulivunjwa bawaba. Na kwa miezi miwili hakuna msichana mtaani aliyekaa na jiwe tukiwa karibu. Wakituona wanaficha mawe kwenye kanga.

Soa hakunicheka siku hiyo. Aliniketisha akaniapisha. "La mawe linabaki kwenye mawe," alisema. "Usilipeleke kwa mama wala kwa baba, hata likikuwasha ulimi. Ukilipeleka mara ya pili, kazi hii imekwisha, na mimi nina mtoto wa kulisha." Niliapa. Niliishika amri ile kuliko nilivyozishika amri nyingine nyingi.

Tulihamia Nosy Be mwanzo wa mvua. Wakubwa walitaka kulinganisha watoto wa kisiwani na wa Mahajanga, wakakodi nyumba ya mbao mjini Andoany, yenye baraza. Soa alifurahi kurudi kwao. Mimi nililala chumba kimoja na Vola, kwa sababu Soa alisema amepewa mwiko. Mganga alimwambia asilale mkeka mmoja na mtoto, asile sahani moja na mtu, asinywe kikombe cha mtu, mpaka mpunga mpya uingie ndani. Nilimwekea kikombe chake peke yake msumarini. Sikuuliza zaidi. Kwetu kila mtu ana mwiko wake. Huyu hafanyi kazi Jumanne, yule hali kasa, na kumwuliza mtu sababu ya mwiko wake ni kama kumwuliza amezaliwa usiku gani. Mnaosoma haya mtashangaa. Mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Vola alipata marafiki wawili wa jirani, nao walicheza mawe nyuma ya nyumba, karibu na pale nilipokuwa nikisukia ukili. Niliandika. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na nitawanakilia kidogo. Jiwe la mama lilikuwa jeusi, refu kama kidole. La mtoto lilikuwa jeupe. Vola ndiye aliyegonga yote mawili.

"Mama, mbona unakohoa?"

"Moshi, mwanangu."

"Moto haujawashwa."

"Ni moshi wa jana."

Rafiki mmoja akacheka, akasema hakuna moshi wa jana. Vola akamwambia, "Wewe ni jirani, ngoja zamu yako." Kisha akaendelea. Jiwe la mama lilitema kitu kwenye kitambaa, likakificha kitambaa chini ya debe la mchele, likasema, "Mtoto asione." Jiwe jeupe likajibu, "Mtoto ameona."

Niliandika yote, na pembeni nikaandika: binti huyu ana kipaji. Wallahi niliandika hivyo. Jioni nilimwambia Soa, "Mwanao anajua mawe kuliko wote." Akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Usiniambie yanasema nini." Nikasema, "Sitakuambia, nimeapa." Tukaendelea kumenya mihogo.

Mvua yote ile Vola alirudia mchezo huo. Mara nyingine mama alikwenda sokoni akapumzika njiani. Mara nyingine alikaa mkekani akawaamuru wengine. Mara ya mwisho jiwe jeusi lililazwa, likafunikwa jani, na mawe mengine yote yakazungumza kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa naandika. Sikuwahi kuwa na daftari zuri kama lile.

Siku moja asubuhi wakubwa walilisoma barazani. Nilikuwa nimewaletea kahawa. Bwana Etieni alikuwa amechangamka sana. Alisema watoto wote wa umri ule hucheza kumpoteza mama, kwamba ni kujizoeza, ni hofu inayojifundisha kutembea, na kwamba hajapata kuona mfano safi kama huu. Bwana Ramaro hakuwa akisikiliza. Alikuwa amechora nyumba ya mawe kwenye karatasi na kufuata kila jiwe kwa mstari wake, kama alivyozoea.

"Jambo hili silielewi," alisema. "Mawe mengine yanazurura vile vile kila siku. La mama peke yake mstari wake unafupika. Mwanzo lilizunguka nyumba nzima na kwenda sokoni. Sasa halitoki mkekani. Kuna sheria gani hapa?"

"Hakuna sheria," alisema Bwana Etieni. "Ni hofu."

"Hofu ingeruka huku na huku. Hii inashuka taratibu." Akanigeukia mimi. "Echata, kuna sheria watoto wamekuambia?"

Nilisema hakuna. Nikaiweka birika mezani. Kutoka barazani niliiona njia ya sokoni, na Soa alikuwa akirudi na kapu. Alilitua. Akashika nguzo ya uzio wa watu. Akalibeba, akaenda hatua chache, akalitua tena. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo wiki nyingi, na kila siku nilikuwa nimejiambia ni joto.

Nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi peke yake akichagua mchele.

"Zoki, unaumwa."

"Nani kasema?"

"Mawe."

Mkono wake ulisimama kwenye ungo, kisha ukaendelea. "Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Unajua tangu lini?"

Ningeweza kusema uongo, na labda ningesamehewa. "Nimejua leo," nilisema. "Lakini nimeyasikia tangu mvua ilipoanza."

"Ukayaandika?"

"Nikayaandika."

"Na kitambaa?"

"Hata kitambaa. Na debe la mchele."

Alitoa changarawe moja kwenye mchele, akaitupa. "Basi nimekufundisha vizuri," alisema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Akaniambia hapo hapo, bila kunitazama. Mama yake mwenyewe alikufa kwa kifua kikuu, katika kijiji kilichotazamana na kisiwa cha Nosy Sakatia. Watu walichoma mkeka wake akiwa bado hai. Na Soa, akiwa mtoto, hakuna aliyecheza naye tena. Wenzake walikatazwa na mama zao. Alikuwa akisimama mbali akiwatazama. "Kutazama watoto wakicheza nilianza zamani," alisema, akacheka, na kicheko kikamletea kikohozi. Ule mwiko hakuna mganga aliyempa. Aliutunga mwenyewe, ili asimwambukize Vola na ili asiulizwe. Alitaka kufika mwisho wa kazi ile bila watu kujua, apate mshahara wote, Vola abaki na marafiki zake. Kisha angekwenda hospitali.

"Tutakwenda sasa," nilisema.

"Wewe tena ndiye mkubwa?"

"Leo ndiyo."

Nilidhani atabisha. Alinipa ungo.

Bwana Ramaro alitukatia tiketi za meli siku ile ile. Vola tulimwacha kwa shangazi wa mama yake. Hospitalini Mahajanga daktari alimpima Soa kwa muda mrefu, kisha akauliza alianza kutema damu lini. Soa alisema hakumbuki. Mimi nilikuwa na daftari kwenye kapu. Nikalitoa, nikamsomea tarehe: siku ya kitambaa, siku ya kupumzika njiani, siku ya jani. Daktari alidhani mimi ni muuguzi, akanisifu kwa kuweka kumbukumbu vizuri. Akaishika ile tarehe ya kwanza kwa kidole. "Mngekuja hapa," alisema, na hakuimaliza sentensi. Walimpa dawa zote walizokuwa nazo, na walimtunza vizuri. Sina neno nao. Mapafu yalikuwa yamekwisha kazi.

Nilikaa naye mwezi mmoja na siku kadhaa. Aliniambia mengi, mengine ya kuchekesha. Alitaka nimwigizie yule kijana wa Belobaka na mafua yake. Kuhusu mawe hakusema tena ila mara moja. Aliniuliza, "Jiwe langu lilikuwa la rangi gani?" Nikamwambia jeusi, refu, zuri. Akasema, "Afadhali."

Tulimzika Mahajanga, mbali na makaburi ya kwao, na hilo lilimsumbua shangazi yake mpaka naye alipokufa. Bwana Etieni alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Aliondoa mchezo wa Vola kwenye maandishi yake, mimi nikiwa naona. Bwana Ramaro hakuzungumza habari hizo hata siku moja. Ila tangu hapo, kila nilipomletea daftari, kabla hajashika penseli aliniuliza, "Na nyumbani kwao hao watoto, hawajambo?"

Nilifanya kazi ile miaka mingine kadhaa. Nilikwenda Antsanitia, nilirudi Belobaka, nilifundisha wasichana wengine kukaa chini na ukili. Niliwafundisha yote aliyonifundisha Soa isipokuwa lile la kiapo. Niliwaambia: ukisikia jambo la mwili wa mtu, la kuumwa, la kupigwa, la njaa, funga daftari. Usimwendee mama, usiende bombani. Ngoja mchezo uishe wenyewe, kisha mkae na mtoto peke yenu, umwulize swali moja: na kwenu pia iko hivyo? Wengi husema hapana, ni mchezo tu, wakakucheka. Wachache husema ndiyo. Kwa hao wachache, kazi yako ya kuandika siku ile imekwisha, na una kazi nyingine. Wakubwa wawili watatu waliokuja baadaye walinilaumu kwamba ninaharibu mchezo. Ni kweli, niliuharibu mara kadhaa. Kwa mambo mengine sina ushauri wenye uhakika. Sikusoma, na hata waliosoma sikuona wakikubaliana.

Vola alilelewa na shangazi yule, nami nilimpelekea nguo na daftari za shule. Alipoolewa nilivuka kwenda Nosy Be kusaidia. Siku ya tatu, wageni wamekwisha kuondoka, tulikuwa tukisugua masufuria wawili, uso wake bado una liwa ya harusi. Nilikuwa na neno langu la miaka mingi, na nilikuwa nimeliahirisha kila nilipomwona. Nikamwambia, "Vola, mimi niliyasikia mawe yako nikanyamaza. Nataka ujue kutoka kwangu."

"Najua, mama mdogo," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nayaleta karibu na wewe."

Nikauliza kwa nini.

Alimwaga maji machafu, akachota mengine. Alisema alikuwa amepelekwa zahanati mara moja tu, alipokuwa na homa. Pale alimwona mtu amekaa anasikiliza, anaandika kwenye karatasi, na karatasi ikapelekwa dirishani, na dirishani ikatoka dawa. Ukimtoa mama yake, hakuwa amemwona mtu mwingine akiandika maneno ya watu ila huyo, na mimi.

"Kwa hiyo nilisema taratibu," alisema, "ili uandike yote. Na kila siku nilikuwa nangoja dawa."